Nani Achinje Mbuzi wa Krismasi

Wenyeji wangu wa Kwa Vonza hawakuwahi kukaa na mgeni Mwislamu kabla yangu, na wiki ya kwanza walijiandaa utadhani wameletewa mgonjwa mwenye masharti ya daktari. Mama wa nyumba alinunua sufuria mpya kwa ajili yangu, akaikwaruza alama ubavuni kwa msumari ili isichanganyike na nyingine, kisha akamtangazia kila aliyeingia jikoni kwamba hiyo ni ya yule msichana wa Tanga, isiguswe. Alama yenyewe ilikuwa msalaba. Nilicheka peke yangu chumbani hadi machozi. Nilipojaribu kumweleza kwamba nyumba isiyopika nguruwe haina sufuria ya kuogopwa, alinikatiza. "Wacha, mwiitu wakwa. Mambo ya Mungu si ya kubahatisha." Mwiitu wakwa ni binti yangu kwa Kikamba, na aliniita hivyo tangu siku ya pili, kabla hajajua hata kama nina tabia njema.

Nilikuwa nimetoka Tanga kwenda kusoma shahada ya pili, kilimo cha nchi kavu, katika chuo kimoja upande ule wa Kitui. Mwalimu wangu mmoja alisali kanisa moja na familia hii, na aliposikia kwamba bweni limenishinda kwa makelele akanipeleka kwao. Nikapewa chumba ambacho nusu yake ilikuwa magunia ya choroko, wao huziita ndengu. Nyumbani walikuwa wawili tu, baba na mama, watoto wao wote wameshaondoka. Nilidhani nitakaa muhula mmoja. Nilikaa hadi nikaanza kusema "sisi huku" nikiongea na ndugu zangu kwa simu, nao wakaniuliza sisi na nani.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na hata suruali yake ya shambani ilipigwa pasi. Sikujua kama ananipenda hadi ulipofika mwezi wa Ramadhani. Siku ya kwanza ya kufunga, kabla kengele ya simu yangu haijalia, nilisikia mlango unagongwa. "Amka ukule," alisema kutoka nje. "Kunakaribia kucha." Alinigongea hivyo mwezi mzima, na jioni aliketi na mimi kusubiri jua lizame, naye hakugusa chai yake mpaka niishike yangu. Nilipomsimulia mama yangu kule Tanga, alilia kwenye simu. Haya nayasema mapema kwa sababu sipendi mtu amchukie mzee huyu kabla sijamaliza. Mimi mwenyewe nimejaribu, ikanishinda.

Kijana wao wa kwanza aliishi Sultan Hamud, mji ulio kwenye barabara ya Mombasa, na alikuwa na baa. Ukisikia baa katika nyumba nyingine ni biashara tu. Katika nyumba hii, ambapo hata neno bia lilitamkwa kwa sauti ya chini, ilikuwa msiba. Baba alikuwa amempeleka kusomea uchungaji. Alisoma, akaacha katikati, akafungua baa. Baba hakumfukuza wala hakumlaani. Alisema jambo moja tu, kwamba hatakula kitu chochote kilichotoka mkononi mwake, na hakula. Kijana alituma mchele, sukari na mafuta ya kupikia. Mama alivipokea, akapiga simu ya shukrani akiwa nyuma ya banda la kuku, kisha akavigawa kwa majirani. Mara moja alijaribu kuupika mchele ule bila kusema. Baba alikula kijiko kimoja, akauliza umetoka wapi, mama akashindwa kusema uongo, na kijiko kikarudi mezani. Mimi nilikuwa nimeshamaliza sahani yangu, na nilijisikia vibaya jioni nzima kwa kushiba.

Sasa, katika nyumba ile mbuzi wa Krismasi huchinjwa asubuhi kabla ya watu kwenda kanisani. Anayechinja ndiye anayetoa maini, akayachoma papo hapo kwenye makaa, akayatia chumvi, akayakata. Kisha anawalisha watu kwa mkono wake, kiganja kwa kiganja, bila sahani. Mgeni akiwepo hutangulia. Halafu baba mwenye nyumba, halafu wengine. Kabla ya hapo hakuna anayekula kitu. Miaka yote ambayo kijana hakuja nyumbani, baba alichinja mwenyewe na kujikatia mwenyewe, na mama aliniambia kwamba ilikuwa inamuuma kumwona mtu mzima akijilisha.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa nzuri. Siku moja nilikuwa shambani napima urefu wa miche yangu ya utafiti, nikamwona mama anakuja mbio kwenye matuta, mwanamke ambaye kwa kawaida hupumzika mara nyingi akitoka jikoni kwenda kisimani.

"Amesema akuje!" alipiga kelele kabla hajanifikia. "Mzee amesema akuje Krismasi. Nikamuuliza, na atafanya nini akikuja? Akasema, atachinja."

Nilitupa rula yangu chini tukakumbatiana katikati ya ndengu. Hakuhitaji kunifafanulia. Akichinja, atalisha. Akilisha, baba atakula kutoka mkononi mwake, na ule mwiko utakuwa umevunjwa mbele ya watu bila mtu yeyote kulazimika kuomba msamaha, jambo ambalo wote wawili, baba na mwana, wasingeliweza hata kwa dawa.

Kuanzia siku hiyo mama hakutulia. Alipaka nyumba chokaa. Alikwenda soko la Kabati akarudi na leso, yaani kanga, za wanawe wa kike, na moja ilikuwa yangu, na yangu ilikuwa nzuri kuliko zao. Nilimwambia amekosea kugawa. "Wao wako na waume," alisema. "Wewe uko na mimi." Mama yangu mzazi nilikuwa nimemwambia kwamba sitakwenda nyumbani likizo hiyo kwa sababu ya miche. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kuona Krismasi ile.

Kijana alifika siku moja kabla, mchana, kwa pikipiki, vumbi limemjaa mpaka kope. Alikuwa mtu mzima mwenye kipara kinachoanza, mtulivu, na suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi uliovumilia safari nzima. Ningemtambua popote kuwa ni mtoto wa nani. Alinawa mara mbili kabla ya kumsalimia baba yake. Aliponiona akatabasamu. "Kumbe ndio wewe umechukua kitanda yangu."

"Nakurudishia," nikasema.

"Kaa nayo. Hiyo kitanda iko na kunguni tangu nikiwa darasa la nne."

Nilimpenda papo hapo. Walikaa na baba yake barazani wakaongea juu ya barabara, mvua, na bei ya ndengu. Waliongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki, lakini waliongea, na mama alipita mbele yao bila sababu, amebeba kitu, akirudi hana kitu, ili awaone tu.

Wakati wa chakula, kabla giza halijaingia vizuri, tulikuwa tunakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe. Baba akafuta mdomo kwa leso yake, akakohoa kidogo.

"Kesho tuko na jambo," alisema. "Hii nyumba iko na mgeni Mwislamu. Nimeongea na yule wa bucha hapo Kwa Vonza. Atakuja asubuhi atuchinjie."

Nyama yote iliyoingia nyumba ile tangu nifike ilitoka kwenye bucha ile ya Mwislamu, kwa ajili yangu, kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu. Ndiyo maana sikushtuka kwa haraka niliyopaswa kushtuka. Baba akanigeukia. "Ama mwanangu, wewe unaweza kula mbuzi imechinjwa na Mkristo?"

"Hapana, baba," nikajibu. "Kwetu hatuli."

Nilijibu upesi na kwa sauti safi, kama mtoto wa madrasa aliyeulizwa swali analolijua. Hata nilifurahi kidogo kwamba ameuliza. Halafu nikaona upawa wa mama umesimama hewani juu ya sufuria. Nikamtazama kijana. Alikuwa anautazama ukuta, mahali ambapo chokaa mpya ilikuwa haijakauka sawasawa.

"Hakuna shida," alisema. "Mgeni ni mgeni."

Akaendelea kula.

Jikoni nilimfuata mama nikashika vyombo ili nipate sababu ya kusimama karibu naye. Nilitaka anigombeze. Alisuuza vikombe, akavipanga, akavisuuza tena. "Wewe usijilaumu," alisema hatimaye. "Umeulizwa, umejibu ukweli. Ungesema nini?"

"Ningesema nitakula mboga."

"Ee," alisema. "Ungesema hivyo." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwacha mwingine aumie, akaongeza, "Mzee alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Angeupata tu, hata bila wewe."

Nimelifikiria jambo hilo miaka hii yote na sijui hadi leo. Labda baba alikuwa ananitunza tu, kama alivyonitunza mwezi wa Ramadhani, na hakukumbuka kabisa kwamba anampokonya mwanawe kisu. Labda aliona mlango na mlango wenyewe nilikuwa mimi. Inawezekana kabisa yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja na yeye mwenyewe hakuweza kuyatenganisha. Ninachojua ni kwamba mama alikuwa amesubiri miaka kwa ajili ya asubuhi moja, na mimi, niliyevaa leso nzuri kuliko za binti zake, nilikuwa nimeiharibu kwa maneno manne.

Nilisali alfajiri nikabaki juu ya mkeka. Babu yangu, aliyefundisha watoto Kurani maisha yake yote, aliwahi kutuambia kwamba chakula cha waliopewa Kitabu hakikatazwi. Nililikumbuka vizuri. Nilikumbuka pia kwamba babu mwenyewe hakuwahi kukigusa, na kwamba siku naondoka Tanga mama yangu hakunipa mausia mengi. Aliniambia nile chochote watakachonipa watu wa kule, ila nyama niulize kwanza nani kachinja. Wasichana wengine huambiwa wajihadhari na wanaume. Mimi niliambiwa niulize hilo moja, na nilikuwa nimeahidi.

Mchinjaji alikuja kwa pikipiki, mtu wa makamo mwenye kofia iliyofumwa, Mkamba wa Kitui mjini. Alinisalimia kwa salamu yetu, akanisifu kwamba nimepata watu wa heshima. Mbuzi alishaletwa. Kijana ndiye aliyemlaza na kumshika miguu, na alimshika vizuri, bila kuona haya, msaidizi katika kazi iliyokuwa yake. Baba alisimama pembeni na Biblia yake. Mama hakutoka jikoni.

Mchinjaji akauliza upande wa kibla. Nilimwonyesha. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Ngoja kwanza. Achinje yeye. Mimi nitakula."

Wote wakanitazama. Baba alikuwa wa kwanza kusema. "Jana ulisema hamuli."

"Kwetu hatuli, baba. Mimi nitakula."

Mchinjaji akanivuta kando hatua chache, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Dada," alisema polepole, "hawa watu wamenitoa kwangu siku ya sherehe yao kwa sababu yako. Wamekuheshimu. Sasa wewe unajidharau mwenyewe. Kwenu wanajua?"

Alifuta kisu chake ingawa kilikuwa safi, akakirudisha kwenye mfuko. Mama, aliyekuwa ameshatoka jikoni, alimletea chai. Aliinywa akiwa amesimama, akawatakia sikukuu njema, akaondoka bila kuniaga. Sikumlaumu. Kabla ya pikipiki kupotea barabarani nilitamani kumkimbilia nimwombe arudi amalize, ili niwe tena mtu ambaye kila anayemtazama anajua anakula nini na hali nini.

Kijana alichinja. Aliomba kwanza, kwa Kikamba, maneno machache yaliyomfanya baba yake ainue kichwa. Nadhani ni masomo yale ya uchungaji yaliyokuwa yamebaki. Alifanya kazi safi. Ngozi ilitoka bila kutobolewa, maini yakafika kwenye makaa yakiwa bado yanacheza. Mimi niliketi kwenye kigoda nilichopewa nikisikiliza yanavyochuruzika mafuta, na tumbo langu, ambalo halina adabu, likanguruma.

Alikuja kwangu kwanza kama desturi inavyotaka. Nilinyoosha kiganja. Kipande kilikuwa cha moto hata nikakirusha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, mama akacheka kwa woga. Nikataja jina la Mungu, nikala. Yalikuwa matamu. Hilo nalo liliniuma. Nilitaka yawe machungu kidogo, yanipe mimi la kusema baadaye. Nilitafuna, nikameza, nikasema asante.

Kisha akasimama mbele ya baba yake akiwa na kipande kwenye ncha za vidole. Baba hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, na niliona kwamba ameelewa vizuri kabisa nilichofanya na kimenigharimu nini. Macho yake yakalowa. Akafumba Biblia, akanyoosha mkono, akapokea, akala. Mama alipiga vigelegele vilivyosikika hadi kwa majirani, nao wakajibu bila kujua wanajibu nini.

Nisiwe mnafiki. Asubuhi ile nilijiona mtu mkubwa. Niliwaona wakienda kanisani wote watatu, kijana katikati, nikabaki nyumbani nageuza nyama kwenye makaa na kujipongeza. Hatia yangu yote wakati huo ilikuwa upande wa Tanga. Mama yangu alipiga simu. Niligeuza simu uso chini, ikatetemeka juu ya meza mpaka ikachoka. Baadaye alinitumia ujumbe wa sauti, anataka kujua wenzetu wanasherehekeaje, niwape salamu, niwaambie wasinilishe sana. Sauti yake ilikuwa imejaa furaha. Nikamtumia picha ya chapati.

Kesho yake kijana alikuwa anafunga mzigo kwenye pikipiki. Mama alikuwa amempa kunde, mbaazi mbichi na mguu mzima wa mbuzi. Nilimpelekea chai, na sitaficha, nilikwenda kupokea shukrani.

"Asante kwa vile ulijaribu," alisema. Alikunywa. Kisha akakaza kamba ya mpira kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika. "Lakini ulimlazimisha."

"Nani?"

"Mzee. Wewe si umekaa hapa, humjui? Huyo hawezi aibisha mgeni. Mgeni amekula, ameacha dini yake akakula, sasa yeye abaki amekunja mikono? Angekula hata mawe. Alikula yako. Yangu bado."

Nilitaka kumwambia kwamba niliona macho ya baba yake. Kisha nikakumbuka macho yale yalikuwa yanamtazama nani.

"Mimi nilikuja nikitaka kuona kitu moja tu," aliendelea, sasa kwa upole. "Kama anaweza kula bila mtu kumwangalia. Angekataa, sawa, ningejua amekataa. Sasa sijui. Narudi Sultan Hamud vile nilikuja."

"Nisamehe," nikasema.

"Si makosa yako. Wewe ni mtu mzuri, hata mwaitu amesema." Mwaitu ni mama yangu, kwa lugha yao, na alilitamka kwa mapenzi ambayo sijayasikia kwa wanaume wengi wa umri wake. Akawasha pikipiki. "Mwaka ujao ukienda kwenu, nitakuja. Ndio nitajua."

Mama alikuwa anapunga mkono mlangoni, anang'aa, anajua nyumba yake imepona. Sikumwambia. Mwaka mzima ule nilimtazama akipokea mchele wa Sultan Hamud na kuuweka kabatini bila kuugawa, akisubiri siku ya kuupika, na kila mara alikuta sababu ya kuahirisha, na mimi niliyejua kwa nini anaogopa nilinyamaza nikaendelea kula chakula cha sufuria yangu.

Krismasi iliyofuata nilikwenda Tanga. Nilimwambia mama wa Kwa Vonza kwamba nimewakumbuka watu wa kwetu, na mama wa Tanga nikamwambia hivyo hivyo. Mmoja alifurahi, mwingine alinifungia maembe ya kupeleka, na kwa kila mmoja wao nilijiona mwongo. Siku yenyewe tulikuwa uani kwetu, mimi na mama yangu tunapara samaki, kwetu ikiwa siku kama siku nyingine. Simu ikalia. Niliipokea kwa vidole vilivyojaa magamba.

"Amekuja," mama wa Kwa Vonza alisema kabla ya salamu. Nyuma yake nilisikia vyombo, na watu wengi wakiongea kwa pamoja.

"Amechinja?"

"Amechinja. Vizuri sana, kushinda hata ile ingine. Akachoma, akakata."

"Na baba amekula?"

Kelele za nyuma zikapungua. Nadhani alikuwa anatembea kwenda nyuma ya banda la kuku.

"Mzee anasema tumbo inamsumbua. Amekunywa tu chai, ameenda kanisa mapema."

"Na kijana?"

"Anafunga pikipiki."

Mama yangu aliacha kupara, akanitazama, akaniuliza kwa macho kama kuna msiba. Nikatikisa kichwa. Kwenye simu nilisikia mama yule anavuta pumzi, na alipozungumza tena hakuwa na hasira, alikuwa ananiuliza tu kitu ambacho kweli alitaka kukijua.

"Mwiitu wakwa, kwa nini ulienda? Ungekuwa hapa, angekula."